Njaa ya Mahindi ya Boke

Suna, Migori
Jumapili, nimetoka misa, uji bado uko motoni

Kwa Boke, Nyar Kuria, binti wa Kikuria, mke wangu wa pekee (si kwamba sikujaribu kuongeza),

Nakusalimu kwa mikono yote miwili, ule mzima na ule unaoanza kuuma kila nikiona jembe. Goti lako linasemaje? Na yule jogoo wangu mwenye kiburi bado anatembea, au mmeshamgeuza mchuzi? Kama mmemla, ruka swali hilo, nijibu mengine. Mimi ni mzima. Meno yangu ni yale yale sita uliyoyahesabu siku naondoka, na yote yako kazini. Huku ughaibuni Suna tunaishi vizuri. Najua unacheka nikisema ughaibuni. Lakini mtu akivuka milima ya Gwassi, akapita Ndhiwa, akafika mahali ambapo hakuna anayemjua baba yake, hiyo ni ng'ambo tosha. Wengine wanapanda ndege na hawafiki mbali hivyo.

Utauliza kwa nini naandika na simu ninayo. Ninazo sababu. Nikikupigia, wewe huisikii simu mpaka waiweke sauti ya juu, na sauti ya juu ya simu yetu husikika mpaka kwa wavuvi. Haya ya leo si ya wavuvi. Tena, anayekuletea barua hii ni kaka yangu Ogweno kwa mkono wake, na karibu yote niliyoandika yanamhusu yeye. Ndiyo maana nimeandika kwa Kiswahili, lugha yetu ya ndoa. Kiluo chako ni cha kugombana tu na Kikuria changu ni cha kuomba chakula. Ogweno Kiswahili hukisema kama mtu anayepasua kuni, ila kukisoma hajawahi. Hata hivyo bahasha nitaigandisha kwa ugali wa mtama. Ukiona imebanduka, mwangalie masharubu.

Sasa keti. Najua habari ya shamba la mteremko unaijua kuliko mimi, lakini niache niianze mwanzo. Mzee asiyeanzia mwanzo husinzia katikati.

Mwaka jana mvua ya masika ilikuja na haraka zake. Mimi nilikuwa huku, Ogweno alikuwa ameenda matanga upande wa Kendu. Wewe ukatazama mawingu, ukatazama mfuko wa mbegu, ukapanda mteremko wote siku mbili kabla Ogweno hajarudi kufungua upanzi. Nawe unajua kwetu: tangu baba afariki, mbegu ya kwanza ya boma hutoka nyumba ya mkubwa, ndipo wadogo wafuate. Ulipoulizwa ukasema, "Mvua haijui nani mkubwa nani mdogo." Neno lenyewe tamu, lakini ulilisema mbele ya watu, na Ogweno ni mtu wa kukumbuka.

Kisha mahindi yakaota zambarau. Si madoa, majani yenyewe, kingo zake zote, rangi ya joho la askofu wakati wa Kwaresima. Yakafika magotini yakakwama hapo. Ogweno akaja, akaweka mikono nyuma, akazunguka shamba mara mbili. Akasema chira: lile balaa la kukondesha linalomfuata mtu aliyeruka mpangilio wa wazee. Akatoa hukumu kwamba hakuna mbegu itakayoingia mteremko ule mpaka Boke alete kondoo dume wa kusafisha. Wewe ukajibu hujaua mtu. Ukasema kondoo dume ukimpata utampeleka kwa kaka zako Kehancha, na utaenda naye, na hamtarudi, wewe wala kondoo.

Watu walicheka, mimi sikucheka. Unapofunga sanduku huwa hufungi kwa mchezo. Na masika haya hapa, mlangoni. Shamba likilala msimu huu wa pili, najua nitarudi nyumbani nikute jiko baridi na paka. Umri huu, Boke, nani mwingine atanikuna mgongo na kunitukana kwa wakati mmoja?

Ndiyo shida niliyokuwa nikitembea nayo huku, na sikumwambia mtu. Hata Mama Debora, tajiri wangu, hakujua. Huyo ndiye mjane mwenye shamba la mboga kando ya kijito, anayeuzia watu wa machimbo ya Masara. Ni Msabato wa kweli kweli. Jumamosi hatugusi jembe kwa heshima ya imani yake, na Jumapili siligusi kwa heshima ya yangu. Nimemwambia nikimpata rafiki Mwislamu nitapumzika na Ijumaa.

Basi kulikuwa na nyanya. Nilikuwa nimepanda nyanya nzuri, nene, za kujivunia, mpaka nikazigeuza nikaona zimeoza matako. Kila moja, chini, duara jeusi. Nikachukua tatu nikaenda duka la pembejeo la mjini, anakouza msichana mmoja aliyesomea kilimo, Madam Lilian. Umri wake ni wa kitinda mimba wetu. Anavaa miwani mikubwa na hana adabu hata kidogo, kwa hiyo tulipatana mara moja.

Akaigeuza nyanya. "Mzee, hii si ugonjwa. Hii ni njaa. Imekosa kalsiamu."

"Nimezipa samadi mpaka inanuka!"

"Kalsiamu iko kwa udongo, lakini inapanda na maji. Wewe unamwagilia aje?"

"Ninavyojisikia."

"Ndiyo hiyo. Leo gharika ya Nuhu, kesho jangwa. Mwagilia kidogo kila siku, kama mtu mwenye akili."

Nikafanya hivyo. Nyanya zilizofuata zikatoka safi chini na juu. Nami nikaanza kurudi pale dukani hata bila shida, napewa kigoda, nasoma shule niliyoiacha darasa la tano. Boke, sikujua mmea ni mlafi na mchaguzi namna hii! Tumeishi miaka yote tukidhani mahindi yanataka mvua, jua na matusi. Kumbe yanataka madini, mengine mengi, mengine kidogo kama chumvi ya mboga, na likikosekana moja tu, hata kama mengine yamejaa, mmea unakaa pale unakutazama.

Naitrojeni ndiyo ya majani. Ikipungua, majani ya chini yanageuka manjano kwanza, kwa sababu mmea huwanyang'anya wazee walio chini na kuwapa vijana walio juu. Nikamwambia Madam, hilo hukuhitaji kwenda chuo, ungekuja tu nyumbani kwetu ukaona nani anapewa paja la kuku. Potasiamu ikikosekana, kingo za majani ya zamani zinaungua kama zilizopitishwa motoni, na shina linaanguka upepo ukikohoa. Zinki yenyewe ni kidogo sana, lakini ikikosekana mahindi machanga yanatoka na mistari myeupe kama shati la karani.

Nilingoja mpaka amalize. Halafu nikauliza, kama mtu anayeulizia jirani, "Na ikiwa zambarau?"

"Zambarau kingoni, mahindi madogo, yamekataa kukua?"

"Hayo hayo."

"Fosforasi. Hiyo ndiyo inajenga mizizi. Mmea hauna mizizi, utakula na nini?"

Nilisimama, nikaketi tena. Nikamwambia kila kitu: mteremko, siku mbili, kondoo. Hakucheka, nikamheshimu kwa hilo. Alisema, "Mzee, mimi pia niko na nyanya yangu, mama ya baba, na hatupandi kabla yake. Siwezi kukuambia chira hakuna. Lakini naweza kupima udongo. Lete."

Hapo nikafikiri sana. Nikikuomba wewe udongo, Ogweno atasema mke na mume wamepikiana matokeo. Lazima udongo utoke kwa mkono wake mwenyewe. Nikampigia. Nikamweleza pole pole: pita shamba la Boke lote kwa kupindapinda, chota mahali kumi, kina cha kiganja, changanya, tuma. Akakubali upesi mno. Ilinipasa nishuku hapo hapo.

Mfuko ulifika na mtu wa samaki, ukapelekwa moja kwa moja dukani, Madam akautuma maabara. Siku ya majibu nilivaa shati la kanisani. Madam akasoma kwenye simu yake, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mzee, naitrojeni iko sawa. Potasiamu iko juu. Fosforasi iko juu sana. Udongo si chachu. Hapa hata ukipanda fimbo itaota."

Boke, nilisikia kondoo akilia. Nilikuona na sanduku. Kama udongo hauna njaa, basi neno la Ogweno limesimama, na ni mimi mwenyewe niliyelitafutia miguu. Nikaomba kuuona ule udongo uliobaki mfukoni. Nikatia mkono. Mweusi! Laini kama unga wa uji. Umechekechwa! Hakuna jiwe, hakuna mzizi, na chini kabisa kulikuwa na punje mbili za mavi ya mbuzi zilizopenya. Na shamba lako ni jekundu kama matofali, lina kokoto za kuvunja kucha.

Nikampigia Ogweno pale pale, Madam akisikiliza.

"Omera, ndugu yangu, huu udongo ulichota wapi?"

"Mahali pazuri."

"Nilisema shamba la Boke!"

"Nilienda huko, nikaangalia. Ile mchanga ni ya aibu. Nikachota pale kwa gunda."

Gunda, Madam, nikamfafanulia, ni mahali palipokuwa boma la babu yetu, ng'ombe na mbuzi walilala pale miaka na miaka kabla ya kuhamwa. Hata maboga huota pale bila kualikwa.

"Ogweno, ile ni ya kupimwa!"

"Ndio nilipeleka nzuri! Sasa wewe unataka watu wa Migori waseme watoto wa baba yetu wanalima takataka? Mgeni akikuja, unamchinjia kuku mgonjwa? Hata nilipitisha kwa kichujio ya chai ya Mikayi."

Mikayi, yaani mkewe mkubwa, shemeji yako, kumbe bado anatafuta kichujio chake. Sasa umejua. Madam Lilian alikuwa ameinamia magunia ya mbegu, mabega yanatikisika. Mimi nikamwambia kaka yangu kwamba kwa heshima hiyo yake ya kupendeza udongo, amekaribia kumfukuza mke wangu. Akakata simu.

Wiki ikapita bila neno. Kisha siku moja natoa maji kijitoni, naona koti kubwa jeusi linashuka kwenye njia. Ogweno mwenyewe! Na koti katika joto lile. Mkononi mifuko miwili iliyofungwa kwa uzi, begani kambare mkavu mrefu kama mtoto wa darasa la kwanza, zawadi kwa mwenye nyumba. Nilitaka kumzuia lakini alishafika kwa Mama Debora, ameshainama, ameshasalimu.

"Asante, mzee," Mama Debora akasema, akirudi nyuma. "Lakini samaki bila magamba haiingii kwa sufuria yangu. Biblia imekataa."

Ogweno akamtazama kambare, akamtazama mama. "Sasa tumbandike magamba?"

Kambare tulimpika nyuma ya stoo, kwenye sufuria yangu, na upepo ulipopeleka harufu upande wa nyumba, Mama Debora alifunga dirisha. Halafu alilifungua.

Tulipopeleka mifuko dukani, ilikuwa myekundu yote miwili, yenye kokoto, ya aibu kamili. "Hii ni ya Nyar Kuria," Ogweno akasema. "Na hii ingine?" Madam akauliza. "Ya rafiki." "Rafiki ana jina?" "Hana." Madam akaandika kwenye karatasi: Rafiki.

Majibu yalikuwa ya kungojwa, na Ogweno akasema hawezi kurudi na kuja tena, mgongo wake si barabara. Akakaa kwangu. Alilalamikia kitanda, alilalamikia chai, aliniambia napalilia kama mtu anayetafuta sindano. Nilifurahi, Boke. Sijakaa na kaka yangu siku nyingi hivyo tangu tukiwa tunachunga.

Siku ya tatu nikampeleka kwenye mahindi ya kuchoma, yale tunayomwagilia ili yawahi soko. Pale nina dhambi yangu. Siku ya kupanda nilikuwa naweka mbolea shimo kwa shimo, akapita mchimba dhahabu wa Masara, tukaanza kubishana nani mzee kuliko mwenzake. Nilipomaliza kumshinda nikarudia kazi mstari uliofuata, nikauruka mmoja mzima. Mama Debora aliugundua kabla yangu. Mahindi yote ni kijani kibichi, yamefika kiunoni. Ule mstari mmoja uko magotini, zambarau, umesimama katikati kama Wakatoliki kwenye kambi ya Wasabato.

Ogweno alifika pale akasimama. Mikono ikaenda nyuma.

"Hii mstari ilipandwa na nani?"

"Na mimi."

"Siku gani?"

"Siku moja na hiyo mingine. Jembe moja, mbegu moja, mdomo mmoja unapiga kelele."

"Nani alitangulia nani?"

"Omera, huku hakuna wa kutangulia. Mkubwa wa hapa ni Mama Debora, naye hajapanda hata punje. Nilisahau mbolea, basi."

Aling'oa mche mmoja wa zambarau. Mizizi michache, mifupi, kama ndevu zangu. Akang'oa mmoja wa mstari wa pili, mizizi ikatoka na bonge la udongo. (Mama Debora alipiga kelele kutoka jikoni, macho ya mwanamke yule!) Ogweno akageuza ndoo, akaketi juu yake, mche huku na mche huku.

"Okech," akaniambia, "kuna kitu nitakwambia. Ukimwambia Nyar Kuria nitakuvunja mguu."

"Ninayo miwili. Sema."

"Ile kona yangu ya juu, yenye imepakana na mteremko yenu. Ilikuwa zambarau pia."

"Lini?"

"Mwaka jana. Msimu ile ile."

"Wewe uliyepanda kwa utaratibu wote?"

"Kwa utaratibu yote. Mikayi aliweka mbegu asubuhi, mimi nimesimama pale."

"Na mbona hatukuiona?"

"Nilikata yote nikapatia ng'ombe, watu wakiwa hawajaamka."

Boke, nilicheka mpaka nikapata kwikwi. Mzee mzima, na koti, ananyemelea mahindi yake mwenyewe kama mwizi! Naye akacheka, akalia kidogo vilevile, kisha akaacha. Akasema polepole, akitazama ile mizizi, "Sikuwa nadanganya watu, omera. Niliogopa. Baba aliniachia mimi hiyo kazi ya kufungua. Kama hiyo kitu imeingia hadi kwa mwenye kufungua, basi makosa ni yangu, na sijui ni gani. Ilikuwa rahisi ikiwa ya bibi yako."

Nikamshika bega tu. Kisha nikamwambia ni yeye atakayemweleza Mama Debora habari ya mche aliong'oa, nikaondoka.

Majibu yalikuja Ijumaa. Udongo wako na udongo wa Rafiki ni ndugu wa tumbo moja. Fosforasi haba kabisa, na udongo umekuwa chachu. Madam akatueleza udongo mwekundu ukichachuka huikamata hata ile fosforasi kidogo iliyopo, kama mtoto anavyoshika pipi: unaiona mkononi mwake, lakini hupewi. Mvua nayo imekuwa ikiuosha mteremko ule miaka yote, rutuba inashuka ziwani kunenepesha magugu maji. Ogweno alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Hii dawa yake inahitaji damu?" Madam akasema inahitaji chokaa ya shamba na mbolea ya kupandia. Ogweno akasema hiyo ni rahisi kuliko kondoo, na haitoroki.

Kwa hiyo sikiliza, nakupa maagizo kama mtaalamu. Magunia yatakuja Jumatano na gari la samaki. Gunia jeupe ni chokaa. Lisambaze mteremko wote sasa, ulime, lichanganyike. Hilo halingoji mtu, si mbegu. Gunia la pili ni mbolea yenye fosforasi. Siku ya kupanda utaweka kifuniko kimoja cha soda kila shimo, si viwili; najua mkono wako ni mkarimu, uzuie. Funika na udongo kidogo ndipo uweke mbegu, zisiguse mbolea zikaungua. Naitrojeni tutaongeza mahindi yakifika magotini. Na ule udongo mweusi wa gunda ambao kaka yangu anaupenda hivyo, mwambie aubebe kwa torori auletee mteremko badala ya kuutuma Migori kutembea.

Na jambo jingine lililoniuma nilipolijua. Mifupa ya samaki imejaa fosforasi na kalsiamu. Mgongo wazi wote, ile mifupa ya samaki aliyetolewa minofu, tunaotupia mbwa, vumbi lote la omena, dagaa wetu, unalofagia pale unapoanika, chakula cha mahindi kile! Tumekaa juu ya ghala tukilia njaa. Ichome mifupa, iponde, itie kwenye lundo la mboji. Itafanya kazi taratibu, kama mimi, lakini itafanya.

Sasa kuhusu kondoo. Nilimuuliza Ogweno juzi, "Na kondoo je?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa habari ya ndoto ya mwingine. "Kondoo gani?" Basi imekwisha hapo. Usimkumbushe, usimlilie mee akipita mlangoni. Nakujua.

Lakini nawe, Nyar Kuria, nikuambie bila utani. Ulimruka mzee, na ulimjibu mbele za watu. Mahindi hayakukonda kwa sababu hiyo, ila Ogweno alikonda. Kaka yangu hana kitu kingine alichoachiwa na baba isipokuwa ile asubuhi moja ya kutangulia. Mwaka huu mwachie. Nyumba yake ifungue asubuhi, wewe ufuate kabla ya jua la utosi. Amekubali hivyo mwenyewe, haitakuwa siku mbili wala siku moja. Na akikupa barua hii, mpe kiti kizuri. Mpe omena wa kukaanga. Neno pole unaweza kuliweka chini ya sahani, atalikuta.

Sanduku lifungue. Yale matandiko uliyokunja yarudishe kitandani, maana nami nakuja. Mama Debora amenipa ruhusa ya wiki mbili. Mila yetu inasema mbegu ikiingia ardhini mwenye nyumba awe nyumbani, tena awe karibu sana na mkewe. Mila nyingine nimekuwa mzembe, hiyo nimeikosa mwaka jana tu.

Nisalimie Rosa binti yetu, mwambie viatu alivyonitumia nimevipata, mguu mmoja mkubwa kuliko mwingine, lakini hata miguu yangu iko hivyo. Nisalimie shemeji yangu Mikayi, na kichujio kipya kinakuja naye Ogweno mfukoni mwa koti. Msalimie kaka yako Chacha wa Kehancha, mwambie dada yake harudi, asitayarishe chumba. Msalimie katekista, usimwambie ule utani wangu wa Wakatoliki. Na wajukuu wote, kuanzia anayetambaa hadi yule anayedhani ameshakuwa mwalimu wangu.

Nimeacha la mwisho kwa sababu Ogweno amelisema sasa hivi, nikiwa naandika, amesimama mlangoni akifunga vifungo vya koti. Ameniambia nikuandikie, na nisiongeze langu. Kwa hiyo siongezi. Anasema siku ya kufungua, mbegu ya kwanza ya shamba lake ataiweka Mikayi, kama ilivyokuwa siku zote. Lakini mkono wake Mikayi hauna kipimo, na wa Ogweno unatetemeka, wataunguza mbegu. Mila ya mbegu anaijua yote. Juu ya mbolea, anasema, amefikiri usiku kucha akakuta wazee hawakuacha neno. Basi anaomba wewe, Boke, uje alfajiri ile na kifuniko chako cha soda, utangulie mbele ya Mikayi, uweke mbolea shimo la kwanza.

Mumeo mwenye meno sita,
Okech